Mwamuzi akishaamua: Ni lini kocha wa softiboli ana haki ya kupinga?

MNAMO Julai 1996, katika mji wa Columbus, jimbo la Georgia nchini Marekani, mchezaji mmoja alipiga mpira ukapaa na kuvuka uzio wa uwanja. Akazunguka vituo vyote huku mashabiki wakimshangilia, akapokewa na wenzake kwa vifijo, kisha akaarifiwa kwamba alama yake imefutwa.

Mchezaji huyo alikuwa Dani Tyler wa timu ya taifa ya Marekani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza softiboli ya wanawake ilichezwa katika Michezo ya Olimpiki, na siku hiyo wenyeji walikuwa wakimenyana na Australia. Katika furaha ya kugongana viganja na wenzake waliomzingira, Tyler alipita kituo cha nyumbani bila kukikanyaga. Waaustralia waliona. Walimweleza mwamuzi dai lao, naye akaamua kwamba Tyler ametolewa.

Mechi ya softiboli huwa na awamu saba. Lau alama hiyo moja ingalihesabiwa, Marekani ingaliondoka uwanjani na ushindi wa 1-0. Badala yake, awamu saba zilikamilika bila timu yoyote kupata kitu na mchezo ukaendelea hadi awamu ya 10. Kufikia hapo, mrushaji wa Marekani, Lisa Fernandez, alikuwa amewatoa wapigaji 29 wa Australia mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja wao kukanyaga kituo cha kwanza. Marekani ilikuwa mbele kwa alama moja, na amebaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa. Mpigaji huyo, Joanne Brown, akaupeleka mpira nje ya uzio. Kwa kuwa kanuni ya kuvunja sare humweka mkimbiaji katika kituo cha pili awamu inapoanza, mpigo huo ulileta alama mbili. Australia ikashinda 2-1.

Marekani ilinyakua nishani ya dhahabu siku chache baadaye kwa kuilaza China 3-1 katika fainali. Hata hivyo, kichapo hicho cha Columbus ndicho pekee ilichopata katika mashindano hayo, na chanzo chake ni unyayo uliopita kando ya kituo.

Je, kocha wa Marekani angaliweza kufanya nini? Kisheria, hakuna. Na sababu ya kutoweza ndiyo huwatatiza wengi wanaoufuatilia mchezo huu, wakiwemo makocha ambao hukimbilia kwa mwamuzi wakifoka pasipo kujua kama suala walilo nalo linaweza kusikilizwa au la.

Softiboli ni nduguye besiboli. Ulianza mjini Chicago mwaka wa 1887 kama mchezo wa ndani ya jumba. Aliyewahi kucheza raunda shuleni hatapata taabu kuuelewa. Kuna vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, na katika mechi za wanawake watu wazima kituo kimoja hadi kingine ni mita 18.29. Mpigaji huupiga kwa gongo mpira uliorushwa na mkono unaopitia chini ya kiuno, kisha hutimka kuelekea kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na hatimaye nyumbani. Akikamilisha mzunguko, timu yake hupata alama.

Sharti ni kwamba kila kituo kiguswe, na kiguswe kwa mfuatano. Mpira unaovuka uzio humpa mpigaji ruhusa ya kuzunguka bila bughudha ya walinzi, lakini haumwondolei wajibu wa kukanyaga vituo. Hapo ndipo Tyler alipoteleza.

Makosa ya mkimbiaji yamegawika mara mbili. Yapo ambayo mwamuzi huyaadhibu papo hapo bila kuulizwa na mtu. Katika softiboli ya mrusho wa kasi, mkimbiaji akiondoka kituoni kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, ametolewa. Akimpita mwenzake aliyemtangulia, ametolewa. Mrushaji akishaupata mpira ndani ya duara lake, lenye nusu kipenyo cha mita 2.44, mkimbiaji aliyesimama katikati ya vituo hana budi kuamua mara moja kusonga au kurudi. Akisitasita akimchezea shere mrushaji, ametolewa.

Yapo makosa mengine ambayo mwamuzi huyaona na kunyamaza. Mkimbiaji akiruka kituo, au akiondoka kituoni kabla mpira uliodakwa angani haujamgusa mlinzi, mwamuzi hasemi neno hadi timu inayolinda ije kudai. Anaweza kuwa ameshuhudia kosa hilo kwa macho yake mawili, na bado alama itahesabiwa iwapo hakuna anayeuliza. Mashabiki wa kriketi hawatalishangaa jambo hilo, kwani huko pia mwamuzi hamtoi mpigaji hadi wapinzani walie kumwomba uamuzi.

Na dai lina muda wake. Ni lazima litolewe kabla ya mrusho unaofuata. Ikiwa kosa limetokea mwishoni mwa zamu ya kupiga, ni lazima litolewe kabla walinzi wa ndani hawajaondoka sehemu yao ya uwanja. Ikiwa ni tukio la mwisho la mechi, kabla waamuzi hawajaondoka. Muda huo ukipita, kituo kilichorukwa huhesabiwa kuwa kiliguswa, hata picha za magazetini kesho yake zikionyesha vinginevyo.

Namna ya kudai pia ina umuhimu. Mlinzi anaweza kuushika mpira na kukigusa kituo kilichorukwa, au kumgusa mkimbiaji mwenyewe, huku akimweleza mwamuzi kosa analolidai. Mchezo ukiwa umesimamishwa, maneno yenyewe hutosha, mradi yataje ni mkimbiaji gani na ni kituo kipi. Kusema tu "Mwamuzi, mwangalie yule!" si dai. Waamuzi waliofunzwa vyema hawamsaidii mchezaji kulikamilisha, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuipendelea timu moja.

Katika viwanja vingi kituo cha kwanza siku hizi ni cha pande mbili, cheupe ndani na cha rangi ya machungwa nje, ili mlinzi na mkimbiaji wasigongane. Mpira ukiwa unarushwa kuelekea hapo, mpigaji anayekimbia anatakiwa akanyage upande wa machungwa. Akikanyaga ule mweupe pekee, ni kama ambaye hakugusa chochote, na timu pinzani inaweza kudai. Wengi hupoteza fursa hiyo kwa kutojua kwamba ipo.

Sasa tuseme dai limetolewa na mwamuzi ameamua, au amemtangaza mkimbiaji kuwa ametolewa katika vumbi la kituo cha pili ilhali kocha ana hakika kwamba aliwahi. Kocha huyo ana njia gani?

Jibu linategemea swali moja: je, mwamuzi anadaiwa kukosea alichokiona, au kukosea sheria aliyoitumia?

Kama ni alichokiona, mlango umefungwa. Kanuni za softiboli zinasema bayana kwamba pingamizi halipokelewi juu ya jambo lililoamuliwa kwa jicho la mwamuzi: kama mpira ulitua ndani au nje ya mstari, kama mkimbiaji alifika kabla ya mpira, kama aligusa kituo, kama aliondoka mapema. Ndiyo maana Marekani haikuwa na la kupinga mwaka wa 1996. Kama unyayo uligusa au haukugusa ni suala la jicho.

Kama ni sheria, mlango uko wazi. Pingamizi hupokelewa iwapo mwamuzi ameifasiri kanuni visivyo, ametumia kanuni isiyohusika, au ametoa adhabu ambayo si ile iliyoandikwa.

Tofauti hii si ngeni kwa wapenzi wa kandanda. Mnamo Novemba 2009, Thierry Henry aliunawa mpira kabla ya Ufaransa kufunga bao lililoizuia Ireland kufika Kombe la Dunia. Ulimwengu mzima uliona, lakini Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) likakataa mechi irudiwe, kwa sababu refa hakuona, na kutoona si kuvunja sheria. Miaka minne awali, Septemba 2005, shirikisho hilo hilo liliamuru mechi ya Uzbekistan na Bahrain irudiwe. Wauzbeki walikuwa wamefunga penalti, mwenzao mmoja akawa ameingia eneo la hatari mapema, na refa akawapa Bahrain mpira wa adhabu badala ya kuamuru penalti ipigwe upya. Refa huyo aliona sawasawa. Alichokosea ni sheria. Uzbekistan, iliyokuwa imeshinda 1-0 na kulalamika ikitaka zaidi, ilitoka sare 1-1 katika marudiano, na Bahrain ndiyo ikasonga mbele.

Katika softiboli, mpaka kati ya jicho na sheria mara nyingine ni mwembamba mno. Chukua mfano wa mlinzi asiye na mpira anayemzibia njia mkimbiaji kati ya kituo cha kwanza na cha pili. Mwamuzi hunyosha mkono wake wa kushoto kuashiria kizuizi, lakini mchezo huendelea. Baada ya mchezo kutulia, humpa mkimbiaji kituo ambacho angalifika lau hangalizuiwa.

Kocha akisema kwamba mkimbiaji wake angalifika kituo cha tatu wala si cha pili, anabishana na jicho, na hatafika mbali. Mwamuzi akisema kwamba hakukuwa na kizuizi chochote, hilo pia ni la jicho. Lakini mwamuzi akikiri kwamba aliona kizuizi, kisha akashikilia kwamba mkimbiaji ametolewa kwa sababu tu aliguswa kwa mpira kati ya vituo viwili hivyo hivyo, hapo amekiuka kanuni. Mkimbiaji aliyezuiwa hawezi kutolewa kati ya vituo alivyozuiwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile yeye mwenyewe kumzuia mlinzi au kuruka kituo. Kocha anayeijua kanuni hiyo ana kesi. Asiyeijua atapiga kelele kuhusu mguso na kurudi kitini mikono mitupu.

Kwa hivyo makocha wenye uzoefu huwa hawaanzi kwa kubisha. Huomba mchezo usimame, humwendea mwamuzi yule yule aliyetoa uamuzi, na kumwuliza kwa upole ni nini alichokiona. Mwamuzi akijibu, kocha huuliza swali la pili: ni kanuni gani aliyoitumia? Jibu la swali la kwanza humfungia mwamuzi ukweli wa tukio, na la pili huonyesha kama sheria inalingana na ukweli huo. Anayeanza kwa matusi hapati jibu lolote, na huenda akafukuzwa kabla hajajua kama alikuwa na haki.

Kocha anaweza pia kumwomba mwamuzi ashauriane na mwenzake. Ombi hilo lina maana zaidi katika mechi zenye waamuzi wawili pekee, ambapo mmoja hulazimika kufuata mpira na wakimbiaji kwa wakati mmoja. Mwamuzi aliyekuwa akiutazama mpira huenda asione mguu, na mwenzake akawa ameuona. Lakini halazimiki kukubali, na aliye mbali hana mamlaka ya kuubatilisha uamuzi wa mwenziwe bila kuulizwa.

Hayo yote yakishindikana, kocha hutamka kwamba anacheza chini ya pingamizi. Tamko hilo nalo lazima litolewe kabla ya mrusho unaofuata. Mwamuzi huwaarifu wapinzani na mwandishi wa alama, kisha hali ya mchezo hunakiliwa: ni awamu ya ngapi, alama ni ngapi, wangapi wametolewa, nani yuko kituo kipi. Kumbukumbu hizo si urasimu mtupu. Pingamizi likikubaliwa, mechi hairudiwi yote kama walivyofanya Wauzbeki na Wabahrain, bali huendelezwa kutoka pale pale kosa lilipofanyika.

Kisa maarufu zaidi cha aina hiyo kinatoka katika besiboli. Mnamo Julai 24, 1983, George Brett wa Kansas City Royals alipiga mpira nje ya uzio mjini New York na kuiweka timu yake mbele 5-4 dhidi ya Yankees. Waamuzi wakamtoa kwa madai kwamba gongo lake lilipakwa utomvu wa msonobari kupita kiasi. Royals wakawasilisha pingamizi, na rais wa ligi, Lee MacPhail, akalikubali kwa kuwa adhabu iliyotolewa haikuwa ile iliyokusudiwa na kanuni. Mechi ikaendelezwa Agosti 18 kuanzia hapo hapo.

Kocha wa Yankees, Billy Martin, hakuwa mtu wa kukubali yaishe. Siku hiyo ya Agosti waamuzi walikuwa wengine, wasiokuwepo siku ya tukio. Akatuma wachezaji wake wadai kwamba Brett na mkimbiaji aliyemtangulia hawakugusa vituo, akijua waamuzi hao hawakuona chochote. Kiongozi wao, Dave Phillips, akatoa mfukoni hati ya kiapo iliyotiwa sahihi na waamuzi wa kwanza, ikithibitisha kwamba vituo vyote viliguswa. Ofisi ya ligi ilikuwa imemwotea Martin.

Kamera zimeanza kubadili mambo. Katika softiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, makocha sasa wanaweza kuomba picha zitazamwe upya mara chache katika mechi zenye mitambo hiyo, na baadhi ya maamuzi ya jicho hubatilishwa. Lakini mechi nyingi duniani huchezwa mahali ambapo hakuna kamera, na huko kanuni ya zamani ndiyo ingali inatawala.

Huko ndiko pia kosa la mwamuzi linapoweza kupita bila mtu kulitambua, kama ilivyotokea Aprili 26, 2008, mjini Ellensburg, jimbo la Washington. Chuo cha Western Oregon kilikuwa kikicheza na Central Washington, na wachezaji wa mwaka wa mwisho wa pande zote mbili walikuwa wakielekea ukingoni mwa siku zao za uwanjani. Katika awamu ya pili, wakimbiaji wawili wakiwa vituoni, Sara Tucholsky wa Western Oregon aliupiga mpira ukavuka uzio. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maishani.

Kwa msisimko, alikipita kituo cha kwanza bila kukigusa. Alipogeuka ili akirudie, goti likamsaliti. Kano ilikuwa imekatika. Akaanguka, akatambaa hadi kituoni na kukikumbatia, asiweze kwenda mbele.

Kocha wake, Pam Knox, aliwauliza waamuzi afanye nini. Akaambiwa kwamba wenzake wakimgusa kumsaidia, mkimbiaji atatolewa. Hilo lilikuwa sahihi. Akaambiwa pia kwamba akimwingiza mchezaji wa akiba, mpigo utahesabiwa kuwa wa kituo kimoja tu na timu itapata alama mbili badala ya tatu. Knox alikuwa karibu kukubali, mpigo wa pekee wa mchezaji wake ukifutika.

Hapo mlinzi wa kituo cha kwanza wa timu pinzani, Mallory Holtman, akauliza kama wao wanaruhusiwa kumbeba. Waamuzi hawakuona kanuni inayokataza. Holtman na mwenzake Liz Wallace wakamwinua Tucholsky, wakamzungusha, na katika kila kituo wakamshusha kidogo ili mguu wake mzima ukiguse. Alama zote tatu zikahesabiwa. Western Oregon ikashinda 4-2.

Kisa hicho kilienea duniani, na wasichana hao wakatuzwa. Lililosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba jibu la pili alilopewa Knox lilikuwa na kosa. Kanuni za softiboli za vyuo zilieleza kwamba mkimbiaji akiumia kiasi cha kushindwa kufikia kituo alichokwishapewa, mchezaji wa akiba anaweza kuingia na kuvigusa vituo vilivyobaki, pamoja na kile kilichorukwa. Mkimbiaji wa akiba angaliweza kukirudia kituo cha kwanza, akazunguka hadi nyumbani, na alama zikawa zile zile tatu.

Hilo halikuwa suala la jicho. Waamuzi waliona kila kitu, na hakuna aliyebisha kwamba mpira ulivuka uzio. Lilikuwa suala la sheria, la aina ile ile ambayo pingamizi lilibuniwa kwa ajili yake, na Knox alikuwa na muda wote hadi mrusho unaofuata kulitamka. Hakulitamka, na baada ya mechi timu yake haikuwa na sababu ya kulifuatilia, kwa kuwa ilikuwa imeshinda. Katika kumbukumbu za chuo, mpigo wa Tucholsky uliandikwa kuwa wa vituo vinne na alama tatu.